Usaili wa Kuandika Programu: Uliza Kabla ya Kuandika

Msikilizaji, umeitwa kwenye usaili wa kazi ya kuandika programu. Swali: katika orodha ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake ni 10. Wengi huanza kuandika papo hapo, kimya kimya. Hapo ndipo wanapoanguka. Uliza kwanza: je, orodha yaweza kuwa tupu? Kisha fikiri kwa sauti, maana msaili haoni yaliyomo kichwani mwako.

Kujumlisha kila namba na kila nyingine si kosa kwa kuanzia, ila namba 1,000 zina jozi 499,500. Ukihifadhi namba ulizokwisha kuziona, na kutafuta humo ile inayotimiza 10, unaipitia orodha mara moja tu.

Ukimaliza, ijaribu programu yako kwa orodha yenye 5 moja pekee. Programu iliyoandikwa kwa pupa huijumlisha 5 hiyohiyo mara mbili. Anza mazoezi leo, na uyafanye kwa sauti.