Kabaila Aliyekiacha Kiti: Maisha ya Shaftesbury



Anthony Ashley Cooper, aliyezaliwa mwaka 1801 na kufariki mwaka 1885, alikuwa mrithi wa mashamba ya Wimborne St Giles katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza, na tangu mwaka 1826 aliketi katika Baraza la Makabwela kwa jina la Lord Ashley, kwani ada ya nchi yake ilimpa mwana wa kwanza lakabu ya heshima wakati baba, mwenye cheo hasa, angali hai na akiketi katika Baraza la Mamwinyi. Masomo yake ya Harrow na Oxford sitayarefusha, maana hayakumtenga na makabaila wenziwe.

Kilichomtenga nao ni kuwasemea wasio na kura. Mwaka 1842 tume ya kifalme ilitoa ripoti juu ya watoto wa migodini, nayo, kinyume cha desturi, ilitiwa picha: msichana aliyefungwa mkanda kiunoni, mnyororo ukipita baina ya miguu yake, akikokota kigari cha makaa ya mawe kwa mikono na magoti, na mtoto mdogo aliyeketi kutwa gizani, kazi yake kuvuta kamba ili mlango wa kuongozea hewa ufunguke kila kigari kinapopita. Lord Ashley aliyaeleza hayo bungeni, na mwaka huohuo ikapita sheria ya kuwatoa chini ya ardhi wanawake, wasichana, na wavulana wasiotimiza miaka 10.

Wenye viwanda walimkabili kwa hoja ambayo, kwa insafu, ilikuwa na uzito: mbona vibarua wa Dorset, katika ardhi ya baba yake mwenyewe, wanapata ujira duni na kulala katika vibanda vibovu? Hakuikana, aliitamka hadharani mbele ya makabaila wa huko, na baba yake akaghadhibika.

Mtihani uliokuwa mzito zaidi ulimfika Januari 1846. Watu wa Dorset walikuwa wamemtuma bungeni akautetee ushuru uliozuia nafaka ya kigeni na kuwaneemesha wenye ardhi; naye, ilipombainikia, ilhali viazi vimeoza Ireland, kwamba ushuru huo hauna budi kuondolewa, hakuridhia kuwakhini waliomtuma wala kuikhini dhamiri yake, basi akajiuzulu. Siku chache kabla alikuwa amewasilisha mswada wa saa 10 za kazi viwandani, jambo alilolipigania tangu mwaka 1833. Aliuacha mikononi mwa John Fielden, mwenye kiwanda cha pamba, na ulipopita mwaka 1847, ukiwawekea wanawake na vijana kikomo hicho, yeye alikuwa nje ya bunge. Mimi naihesabu fadhila hiyo kuwa kubwa kuliko hotuba zake zote, kwani alijua fika ni nini anachokiacha na ni nani atakayekipokea.

Baba yake alipofariki mwaka 1851, alirithi cheo cha Earl wa Shaftesbury pamoja na madeni mengi na vibanda vilevile alivyosutwa navyo, akaanza kuwajengea vibarua nyumba mpya kwa fedha za kukopa.