Uso Mmoja kwa Wote: Maneno ya Kamati Kuhusu Vinyago Vyetu



Kwa niaba ya Kamati tunasema machache juu ya vinyago hivi mnavyoviona vimetundikwa ukutani.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu wapatao 12,000 walikimbilia Uganda, wengi kwa kupitia Busia na Malaba. Sisi tulikuwa miongoni mwao, tukapokelewa katika kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo. Tulikuwa wa makabila mbalimbali na mioyo ilikuwa mizito. Vijana walipotaka kuigiza yaliyotupata, hakuna aliyekubali kuwa mchoma nyumba. Kila mmoja alisema, "Kesho nitaitwa hivyo kwenye foleni ya maji." Ndipo tukaamua kutengeneza vinyago.

Kazi yenyewe ni hii. Mama mmoja mfinyanzi alifinyanga uso wa udongo, wenye uwazi nyuma kama chungu, akauchoma. Hiyo ndiyo kalibu yetu. Haina mashimo ya kina, ili karatasi inasuke kwa urahisi. Tuliipaka mafuta ya kupikia, tukaweka karatasi iliyoloweshwa maji tu, kisha tabaka tano zenye gundi ya unga wa muhogo: moja ya gazeti, moja ya mfuko wa saruji, kwa zamu. Tororo kuna kiwanda cha saruji, na mifuko mitupu haikosekani. Lakini karatasi ya ndani iliyogusa saruji tuliitupa, kwani vumbi lake huunguza ngozi.

Karatasi huchanwa kwa mkono, haikatwi kwa mkasi. Ukingo uliochanika hulala vizuri. Kinyago hukaushwa kivulini, maana jua kali hukikunja. Mdomo huachwa mpana ili sauti itoke. Mkanda ni wa tyubu ya baiskeli. Na Busia, mji ilikozaliwa bodaboda, tyubu kuukuu si haba. Mwisho hupakwa rangi ya mafuta nje na ndani, maji yasipenye na mende wasile muhogo. Tulijaribu pia kumimina saruji, tukapata kinyago kizuri cha kutundika, lakini shingo ya mvaaji ilikikataa.

Kwa kuwa vyote vilitoka katika kalibu moja, mchoma nyumba na aliyechomewa walikuwa na uso ule ule. Siku ya mchezo watu walinyamaza. Ulipokwisha, wazee wawili ambao hawakuwa wakisalimiana walikaa benchi moja hadi giza likaingia. Hatukuwauliza walizungumza nini.

Baadhi yetu tulipohamishiwa Kiryandongo, vinyago vilisafiri juu ya mizigo, na hakuna kilichovunjika. Vijana, kalibu ni yenu sasa. Itunzeni.