Ujuzi wa Kidijitali Vyuoni Uanzie kwa Mhadhiri

Mafunzo ya kidijitali katika vyuo vyetu yamezoeleka. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huingizwa maabara ya kompyuta, wakaonyeshwa namna ya kuingia mfumo wa masomo wa Moodle, kupakia kazi na kuandaa slaidi. Wahadhiri nao huitwa semina ya siku mbili na kuondoka na cheti. Mafunzo hayo yanahitajika, lakini yanaishia pale kazi ya msomi inapoanza. Upungufu mkubwa zaidi uko kwenye kupima habari: nani kaandika, kwa maslahi ya nani, na wengine wanasemaje juu yake. Hilo haliwezi kuachiwa kitengo cha TEHAMA. Linafundishwa ndani ya somo lenyewe, na mhadhiri hawezi kulifundisha kabla hajalimudu.

Ushahidi mzuri ni utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2017. Walilinganisha wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa shahada ya kwanza na wahakiki wa habari 10. Zoezi mojawapo lilihusu tovuti mbili za madaktari wa watoto nchini Marekani, zenye majina yanayokaribiana: moja ya chama kikuu cha taaluma hiyo, nyingine ya kikundi kidogo kilichojitenga nacho. Wanafunzi wengi walivutiwa na mwonekano na marejeo, wakakiamini kikundi kidogo. Wanahistoria walisoma kwa makini, kama walivyofunzwa kusoma nyaraka, na wengi wakasitasita. Wahakiki hawakukaa hata kidogo. Waliiacha tovuti, wakatafuta kwingineko inasemwaje, na wote wakapata jibu sahihi. Basi shahada ya uzamivu peke yake haikumkinga mtu.

Kwa wanataaluma hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa vyeo vyao hutegemea machapisho. Mwaka 2013, jarida la Science lilichapisha jaribio la mwandishi John Bohannon, aliyepeleka makala ya kubuni yenye kasoro za wazi kwa majarida 304 ya ufikiaji huria, 157 yakaikubali. Hayakujaribiwa majarida yanayosomwa kwa malipo, kwa hiyo jaribio hilo halitoshi kuhukumu ufikiaji huria wenyewe. Linaonyesha tu kwamba kuitwa jarida si dhamana. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 mtego umeongezeka: akili mnemba huweza kutunga rejea yenye jarida la kweli, juzuu na kurasa, ilhali makala yenyewe haipo. Msimamizi wa tasnifu anayekagua nukta na mabano ya marejeo tu ataipitisha. Dawa yake haihitaji programu ya bei kubwa: mwanafunzi achague rejea tatu za pendekezo lake la utafiti, azifuate hadi kwenye tovuti ya jarida, aonyeshe kwamba makala ipo na inasema anachodai inasema. Apewe maksi kwa hilo.

Watakaopinga watasema tatizo letu ni bando. Kweli, nyaya za baharini zilizofika pwani yetu tangu 2009 hazijamwondolea mwanafunzi gharama ya intaneti mfukoni. Lakini wahakiki wale walikuwa pia wepesi kuliko wenzao. Anayejua kuacha ukurasa mapema anatumia bando dogo. Wengine husema vijana wamezaliwa na simu mkononi. Hata wanafunzi wale wa Stanford walikuwa wa kizazi hichohicho, na bado wengi walidanganyika. Pingamizi lenye uzito ni la mhadhiri mwenye darasa la mamia: hana muda. Hapo ndipo mkutubi anapostahili kuitwa darasani kama mkufunzi mwenza, badala ya kungojwa kwenye dawati la maktaba, na zoezi la rejea lichukue nafasi ya kazi moja ya muhula badala ya kuongezwa juu yake. Kwa Tanzania nafasi ipo: vyuo vya umma vimekuwa vikihuisha mitaala chini ya mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, ulioanza mwaka 2021. Kila idara inaweza kutaja katika mtaala wake ni somo gani litabeba zoezi hili, litasahihishwa na nani, na kwa asilimia ngapi ya alama za upimaji endelevu.