Bundi Mdogo wa Sokoke: Jirani Asiyeleta Msiba

(Maandishi ya hotuba kwa wakazi wanaoishi kando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke)



Leo naomba tumzungumzie ndege ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona, ingawa nyumbani kwake ni hapa Kilifi. Ni bundi mdogo wa Sokoke.

Tuanze na umbo lake. Urefu wake ni kama sentimita 16 hadi 18, na uzito wake takriban gramu 50, sawa na yai la kuku. Macho yake ni ya manjano, na kichwani ana vishungi viwili vya manyoya vinavyofanana na masikio. Wako wa kijivu, wa hudhurungi na wa rangi ya kutu. Mchana hutulia katikati ya matawi, na unaweza kupita chini yake ukadhani ni jani kavu.

Chakula chake ni wadudu: mbawakawa, nyenje, panzi na wengineo. Hana haja na vifaranga vyako.

Makao yake ndiyo yanayomtia hatarini. Wengi wao huishi upande wa udongo mwekundu, ambako miti ni mifupi na imesongamana. Hutaga katika mashimo ya miti. Duniani kote anajulikana kuishi Arabuko-Sokoke, kwa idadi ndogo katika msitu wa Dakatcha, na chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Wataalamu walimtambua hapa kwetu mwaka 1965. Mwaka 1993 walikadiria kuwa Arabuko-Sokoke kuna jozi zipatazo 1,000. Kufikia 2008, makadirio yalishuka hadi karibu jozi 800. Ukataji haramu wa miti, hasa muhuhu unaotakiwa na wachonga vinyago, umetajwa kuwa moja ya sababu. Ukikata mti mkubwa wenye shimo, umebomoa nyumba yake.

Najua tulivyolelewa. Bundi akilia juu ya paa, watu husema kuna msiba. Lakini wazee wangu, bundi huyu haji mjini wala kwenye paa la mtu. Ukimsikia akilia, ni wewe uliyemfuata msituni. Na wale bundi wakubwa wanaozunguka mabomani hula panya wanaotumalizia mahindi. Tusiwapige mawe.

Msitu huu pia unatulisha. Tangu 1993, Mradi wa Kipepeo ulioko Gede umenunua pupa wa vipepeo kutoka kwa wakulima wa kando ya msitu. Vijana wetu wanapata kazi ya kuwaongoza wageni, na wengi wa wageni hao hutoka mbali kumtafuta bundi huyuhuyu. Mti ukikatwa huuzwa mara moja. Ukiachwa, unaleta mgeni kila mwaka.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, jiungeni na vyama vya jamii vya misitu, ambavyo vinatambuliwa na Sheria ya Misitu ya 2016. Pili, mkiona miti inakatwa usiku, mwarifuni chifu au askari wa misitu. Tatu, mchonga vinyago aulize gogo limetoka wapi kabla ya kulinunua. Mwarobaini wa shambani pia huchongeka.

Ndege huyu akitoweka hapa, hatuna kwingine nchini pa kumtafutia ila wale wachache wa Dakatcha.