Binti wa Pwani ni Binti Yenu

Kina mama, kina baba na vijana wa vikundi vya mwethya hapa Machakos, sisi ni wasichana wa Kikamba tuliozaliwa na kulelewa Pwani. Neno letu leo ni juu ya uchumba.

Wakamba si wageni wa jana huko. Misafara yao ilipeleka pembe za ndovu Mombasa hata kabla ya Krapf kufika mwaka 1844. Katika miaka ya 1950 familia nyingi zilitoka huku zikapata mashamba Shimba Hills, Kwale. Wengine walifuata kazi za bandari na reli. Watoto na wajukuu wao ndio sisi.

Lakini kule tunaitwa watu wa bara. Ghasia za Likoni zilipoanza Agosti 1997, watu wa bara walifukuzwa makwao na wengine wakauawa. Tukija huku Krismasi, tunaitwa ati Waswahili, kwa kuwa Kikamba chetu kinateleza na tunajifunga leso. Hayo tumeyazoea. Shida inakuja tukipata mchumba.

Msichana akimpenda kijana Mdigo, wazazi wanasema amepotea. Akipendwa na kijana wa Machakos, shangazi wa kijana wanasema wasichana wa Pwani ni wavivu. Basi anafanya nini? Anaficha. Na uchumba wa kuficha una hatari: kijana akimwacha na mimba, hakuna mzee wa kumwuliza, kwa maana hakuna aliyemjua.

Hata neno mahari linaleta ugomvi. Kwetu Ukambani ngasya hupelekwa kwa wazazi wa msichana, na bila mbuzi wa ntheo mila haimhesabu kuwa mke. Kwa sheria ya Kiislamu, mahari ni mali ya bibi arusi mwenyewe. Wazee wakikutana bila kuelezana, kila upande huona mwenzake ana tamaa. Kumbe wanataja vitu viwili kwa jina moja!

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, tufundisheni mbai zetu tungali wadogo. Mila haituruhusu kuolewa ndani ya mbai yetu, na aliyekulia mbali anaweza kupendana na ndugu yake bila kujua.

Pili, kijana akija, mpeni kiti, mwulizeni wazi. Kwao wanaoaje? Je, msichana atatakiwa kubadili dini? Watoto watalelewa vipi? Naye mwelezeni ntheo ni nini. Afadhali maswali haya yaulizwe kabla ya harusi.

Tatu, tuulizeni sisi wenyewe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inasema ndoa ni kwa hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inakataza kuoa au kuolewa kabla ya miaka 18. Tena inataka ndoa ya kimila iandikishwe kama ndoa nyingine. Wengi wanatoa mbuzi na kusahau cheti, na mume akifariki mjane anapata taabu kujithibitisha.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Sisi hatukatai kwetu, ila kwetu ni Machakos na pia ni Kwale. Mkituachia mlango wazi, tutawaletea mchumba mchana, mbele ya wazee, mumwone.