Mama Asifiwe Langoni: Kumkumbuka Mama Phoebe Asiyo
Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Siku ya Jubilii

 

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama na akina baba, wageni wetu kutoka Karungu, Muhuru na Migori, na ninyi wanakwaya wenzetu: karibuni Macalder.

Kwa miaka 25 kwaya hii imeimba arusini, lakini imeimba zaidi matangani. Tumesimama kando ya majeneza ya akina mama wengi, na kila mara tumesikia wasifu ukisomwa kwa mtindo ule ule: alizaliwa mwaka fulani, akaolewa na fulani, akajaliwa watoto kadhaa, ameacha wajukuu na vitukuu. Kisha tunaambiwa alikuwa mkarimu, na hakuna mtu aliyetoka kwake na njaa. Yote ni kweli. Ila yule mama aliyeponda mawe ya dhahabu miaka kumi ili kulipa karo, au aliyeamka usiku kufuata omena ufuoni Sori, kazi yake huwa haitajwi. Tunamzika kama mke wa mtu na dani wa watu, kisha tunakwenda kula.

Ndiyo maana katika Jubilii hii tumechagua kumkumbuka mama mmoja wa jirani, wa Karachuonyo huko Homa Bay, ambaye kazi yake haikufichika: Mama Phoebe Asiyo. Alifariki tarehe 17 Julai 2025 huko North Carolina, Marekani, akiwa na miaka 92. Aliacha watoto na wajukuu wanaomlilia, na wengi ambao hakuwazaa walimwita mama.

Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1932 katika nyumba ya wahubiri. Gendia, aliposoma, ni mahali wamishonari Waadventista walipofika mwaka 1906, na wengi wetu hapa tuna babu au nyanya aliyejifunza kusoma kwa sababu ya mbegu iliyopandwa pale. Akasomea ualimu Kangaru, Embu. Mwaka 1958 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake. Mwaka 1960, Mzee Jomo Kenyatta akiwa bado kizuizini Lodwar, Mama Phoebe aliongoza ujumbe wa wanawake kwenda kumwona. Walikwenda kumweleza wanawake wanataka nini katika Kenya huru, kabla uhuru wenyewe haujapatikana.

Alifanya kazi pia katika Idara ya Magereza, akapanda hadi cheo ambacho mwanamke Mwafrika hakuwa amekifikia, na akapigania wafungwa wanawake wawe na magereza yao mbali na wanaume. Mwaka 1979 watu wa Karachuonyo walimchagua kuwa mbunge wao, na uchaguzi wa 1992 ukamrudisha bungeni.

Wanakwaya, tusikilize kwa makini sehemu hii. Mwaka 1997 Mama Phoebe alisimama Bungeni na hoja yake: wanawake wapewe angalau theluthi moja ya nafasi za uongozi. Hoja ilianguka. Wengine wangerudi nyumbani kufuga kuku. Yeye alikubali kuwa kamishna katika tume ya kurekebisha Katiba, iliyozunguka nchini kusikiliza wananchi. Mwaka 2005 katiba iliyopendekezwa ilikataliwa katika kura ya maoni, na bado hakukata tamaa. Mwaka 2010 Wakenya wakaipitisha Katiba tuliyo nayo, na ndani yake, Ibara ya 27, imeandikwa kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa. Jambo lililokataliwa mwaka 1997 lilikuwa limeingia katika sheria kuu ya nchi miaka 13 baadaye. Bunge lenyewe limeshindwa kulitimiza, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mwaka 2020 alivunje kwa sababu hiyo. Mama alikwenda kaburini akidai deni ambalo halijalipwa lote.

Wapendwa, Mithali 31 tumeisoma katika kila mazishi ya mama. Huwa tunakaa kwenye mistari ya sufu, chakula na taa isiyozimika. Lakini sura hiyo inaishia langoni. Zamani zile lango la mji lilikuwa mahali wazee walipokaa kuamua kesi na mambo ya watu. Neno la Mungu linataka kazi ya mama itajwe pale pale maamuzi yanapofanywa, wala si jikoni peke yake.

Kanisa letu halibanwi na Ibara ya 27. Hata hivyo tuhesabu. Kwaya hii ina sauti nne, na soprano na alto ndizo nyingi. Sare tulizovaa leo zimelipwa kwa michango ambayo sehemu kubwa imetoka katika leso za akina mama. Kamati yetu ina watu saba, na wanawake ni wawili. Theluthi ya saba haifiki tatu kamili, lakini wawili hawatoshi. Tumepungukiwa na mtu mmoja tu. Kuna binti hapa anayesoma nota kuliko sisi sote, na hajawahi kutumwa kwenye mafunzo ya waongoza kwaya.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu ujao tutaleta mapendekezo mawili: wanawake katika kamati wasipungue watatu, na kila mafunzo tunayolipia, msichana mmoja atumwe. Baba zetu, tunawaomba kwa heshima mtuunge mkono. Yakianguka, tutayaleta tena mwaka unaofuata. Tumeshaona mfano.

Na siku tutakapomwimbia tena mama yeyote wa Macalder, familia imwambie katibu alifanya kazi gani, tuisome kwa sauti kabla ya wimbo wa kwanza.

Mungu ailaze roho ya Mama Phoebe mahali pema. Mungu awabariki mama zetu wangali hai.