NTA YA KUSAFISHA NA NTA YA KUMALIZIA
Mazungumzo kwa vyama vya msingi vya Kamanga kuhusu utunzaji wa rangi ya magari



Gari la chama cha msingi ni mali ya wanachama wote, sawasawa na ghala na mizani. Kwa miaka mingi magari ya upande wa Kamanga yamekuwa yakingoja kivuko cha kwenda Mwanza yakiwa juani, na vumbi la barabara za Sengerema limeyajaa. Ziwa Victoria liko karibu na Ikweta, kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na jua la hapo huifubaza rangi upesi. Aidha, vinyesi vya ndege na wadudu wa ziwani huganda juu ya boneti. Ndiyo sababu nta hununuliwa. Lakini inunuliwe nta ipi?

Ziko aina mbili, na kazi zake ni mbalimbali. Nta ya kusafisha ina chembe laini za kusugulia, au dawa ya kuyeyusha uchafu, ama vyote viwili. Huondoa rangi iliyokufa na mikwaruzo myepesi. Nta ya kumalizia haisugui, bali hufunika. Nyingi huwa na karnauba, yaani nta itokanayo na majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota Brazil.

Basi ya kwanza hupunguza, na ya pili hukinga. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la vanishi juu ya rangi, ambalo unene wake kwa kawaida haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Dereva anayelisugua gari kila mwezi kwa nta ya kusafisha hupata mng'ao upesi, lakini kila mara huila vanishi hiyo. Ikiisha, hakuna nta iwezayo kuirudisha. Hubaki kupiga rangi upya, kwa fedha za wanachama.

Kabla ya kuchagua, gari lioshwe, likaushwe na kuwekwa kivulini hadi bodi ipoe. Ikiwa rangi ni laini na yang'aa, nta ya kumalizia yatosha. Ikiwa imefifia, nta ya kusafisha ijaribiwe kwanza mahali padogo, kisha ile ya kumalizia ifuate. Utaratibu huu usigeuzwe, kwani nta ya kusafisha itaiondoa ile iliyotangulia. Kwa gari la zamani lisilo na vanishi, kitambaa kitashika rangi ya gari lenyewe, hivyo mkono uwe mwepesi. Kutu na rangi iliyobanduka ni kazi ya fundi, si ya nta.

Baadaye maji yatatoa ushahidi. Yakisimama matone matone juu ya boneti, nta ingalipo. Yakitandaa, wakati wa kuipaka tena umefika. Wala gari lisioshewe ziwani, kwani mafuta na sabuni huchafua maji yanayotegemewa na wavuvi na kaya.

Hivyo basi, kamati inapoidhinisha ununuzi, itaje katika hati aina ya nta inayotakiwa. Ya kumalizia iwe ya matumizi ya kawaida. Ya kusafisha itunzwe ghalani, na itolewe tu baada ya gari kukaguliwa.